Sahani ya Kwanza ya Saa Sita

Mimi ninapika pembeni ya kiwanja cha michezo cha universite, hapa Bukavu, na kabla sijaanza ninataka mutu aelewe jambo moja: huku kwetu hununui chakula kwa sababu kinanukia tu. Unaangalia mukono unaokupa. Watu wanaogopa karuho, ile sumu wanayosema inatiwa ndani ya kinywaji au mboga, halafu mutu anakauka pole pole, mwezi baada ya mwezi, mpaka anabaki mifupa na macho. Kama iko ya kweli au iko ya midomo, mimi si munganga. Lakini ndiyo sababu mugeni akija unafungua chupa mbele yake na unaonja wewe wa kwanza. Na ndiyo sababu mwanamuke anayeuza chakula lazima chungu chake kiliwe na mutu wa nyumba yake, mbele ya watu, muchana kweupe.

Mutu wangu alikuwa mujukuu wangu wa kike.

Nilimulea tangu ananyonya, kwa sababu mama yake, mutoto wangu wa tatu, alikufa akimuacha na miezi saba. Sasa ni murefu kunipita kichwa na shingo. Anasoma mambo ya udongo na mimea, mwaka wa tatu, na anacheza basiketi ya universite. Akiruka, watu wanasema ooh kabla mupira haujafika. Mimi niliishia mwaka wa nne wa primeri kwa masista. Nikimuona anatoka mazoezini na jezi imelowa, akipita katikati ya watoto wa wakubwa bila kuinamisha macho, sioni aibu kusema: nilikuwa ninavimba kama unga wa mandazi.

Kila siku saa sita alikuja, akatupa begi yake juu ya benchi, nami nikafunua vyungu. Sahani ya kwanza ilikuwa yake: bugali, maharagi, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza, vile visamaki vya ziwa, zilizokaangwa mpaka zinavunjika. Alikula amesimama, mbele ya wote. Akishameza, mikono ilianza kunyooshwa. Hakuna aliyeweka hiyo sheria, ilijiweka yenyewe. Kulikuwa na kijana mumoja wa droit, wale wanaosoma sheria, golikipa wa timu yao, mwenye tumbo ambalo lilisaidia kuziba lango. Yeye alikuwa anauliza kila siku, kama askari wa mupaka:

"Maman, contrôle imepita?"

Na mujukuu wangu, mudomo umejaa: "Ukiniona naanguka, kimbia."

Walicheka, walikula. Miaka mitatu hivyo.

Halafu serivisi ya michezo ikaleta madame wa lishe. Walitangaza kwamba mwanafunzi yeyote aliyejiandikisha kwenye michezo, awe wa football, wa basiketi, ama wale wanaozunguka kiwanja asubuhi kwa sababu ya kitambi, anaweza kukaa naye bure na atafundishwa kula. Niliposikia nilitua mwiko. Kufundishwa kula. Ninawajua hao watoto. Kuna wanaokula mara moja tu kwa siku, na hiyo mara moja ni kwangu. Kumuita mutoto kama huyo umufundishe kula ni kumukuta mutu hana viatu ukamuonyesha namna ya kufunga kamba.

Nilipita kumuangalia. Alikuwa musichana bado, ametoka Lubumbashi, viatu vyeupe, sauti ya upole. Walimuwekea meza chini ya paa ya jukwaa. Mezani alikuwa na kipimo cha kilo, vikombe, na chakula cha plastiki: yai la plastiki, ndizi ya plastiki, samaki wa plastiki, munene, wa rangi ya waridi, ambaye ziwa letu halijawahi kumuona. Wanafunzi walikuwa wanapanga mustari. Kila mumoja alipewa kaye, daftari ndogo. Ndani yake, kwa juma mbili, aandike kila kitu kinachoingia kinywani na ni kiasi gani: ngumi moja ya bugali, kiganja kimoja cha nyama, kijiko kimoja cha mafuta. Mujukuu wangu alikuwa katikati ya mustari huo. Nilifikiri ni utani wa vijana, utapita.

Nyumbani kwetu, kule Bagira, tunakula watano kwenye sahani moja: mimi, mudogo wangu ambaye ni mujane, mujukuu wangu, na watoto wawili wadogo wa kaka yake. Jioni tatu za kwanza niliona midomo ya mujukuu inacheza wakati wa kula. Mudogo wangu alinivuta pembeni akasema, "Huyu mutoto ameingia kanisa gani? Anasali na tonge mukononi." Kumbe alikuwa anahesabu matonge.

Jioni ya nne alikuja na kisahani chake.

"Koko, mimi nitakula huku."

Koko ni mimi, bibi yake. Nikamuuliza, "Huku wapi?"

"Ku sahani yangu."

Mudogo wangu alinawa mikono pole pole, kama mutu anayejiandaa kwa kesi. "Aa. Sasa tumekuwa wachawi ndani ya nyumba."

"Koko mudogo, hapana. Iko tu ya kaye. Lazima nipime. Ku sahani ya watu wote siwezi kujua nimekula ngapi."

"Umekula kushiba," nikamuambia. "Andika: kushiba."

"Kushiba si kipimo, koko."

Alipakua kidogo chake, akageuka, akala peke yake kwenye kigoda, na kalamu juu ya sikio. Kwa kabila letu mutu anayekula kwa sahani yake peke yake ni mugonjwa wa kifua, au ni mutu asiyeamini waliopika. Mulango ulikuwa wazi. Majirani walikuwa wanapita na maji. Niliendelea kula, kwa sababu watoto wadogo walikuwa wanatuangalia.

Kesho yake saa sita hakuja kwa vyungu. Alikuja na kibakuli cha mufuniko, akakaa kwenye ngazi ya jukwaa, hatua tano kutoka kwangu, uso mbele ya watu wote. Ndani alikuwa na yai alilochemsha mwenyewe asubuhi, na kiazi kitamu kimoja. Nilimuendea.

"Hii ni nini?"

"Koko, usikasirike. Sombe yako sijui umetia mafuta vijiko ngapi."

"Na mimi sijui. Ninamwaga mpaka sauti ya chungu inabadilika."

"Njo hiyo. Nitaandika nini? Sauti?"

Ningecheka siku ingine. Lakini nilisikia ukimya nyuma yangu. Nilirudi kwenye vyungu. Golikipa alikuwa amesimama na sahani tupu.

"Maman, na contrôle?"

"Leo iko na mambo yake. Lete sahani."

Aliiangalia ngazi. Alimuangalia mujukuu wangu anavyomenya yai. Halafu akaweka sahani yangu juu ya benchi, vizuri, bila sauti, akasema amekumbuka ana kosi darasani. Saa sita hakuna kosi. Hata mbuzi wa universite wanajua. Mwingine akaondoka naye, na mwingine. Siku hiyo nilibeba maharagi nyumbani, na kesho yake tena, tukayala mpaka yakachacha. Siku ya tatu musichana wa handball, ambaye nilimulisha tangu mwaka wake wa kwanza, na alipougua malaria nilimupelekea uji mpaka chumbani kwake, alinunua mandazi kwa muzee wa kwenye mulango mukubwa, akapita mbele yangu macho kwenye simu. Simu ilikuwa imezima. Niliona kioo chake cheusi.

Hakuna aliyesema neno. Hiyo ndiyo iliyonichoma. Mutu akikuita muchawi, unafunga kitenge kiunoni na unamujibu. Lakini hawa walikuwa wanasema bonjour maman, wananitabasamia, wanapita. Nitajibu nini? Nitasimama katikati ya kiwanja nipige kelele kwamba sikuwaua? Mikono yangu ilikuwa kitu pekee nilichokuwa nacho hapo. Sikuwa na duka, sikuwa na karatasi. Nilikuwa na mikono ambayo watu walikubali kula kutoka kwayo. Na mikono ikishaachwa, hairudiwi.

Siku ya tano nilikwenda kwa madame. Nilikwenda na tabliye yangu ya jikoni na mwiko. Sikuusahau mukononi, nilitaka auone.

"Bonjour maman," akasema. "Umekuja kujiandikisha?"

"Kujiandikisha ku nini? Kula? Niko nakula tangu mama yako hajazaliwa."

Wanafunzi wawili waliokuwa wanapimwa kilo walishuka kwenye kipimo na wakaondoka. Nilimuuliza kama yeye ndiye aliyemukataza mujukuu wangu kula kwangu. Nilimuonyesha mujukuu mwenyewe, kule kiwanjani, anatupa mupira. Madame akafunga uso.

"Maman, nisamehe. Siwezi kuongea habari ya mwanafunzi akiwa hayuko."

"Nilimutawaza huyo mutoto kwa mikono hii. Wewe uko naye siku kumi, na munakuwa na siri zenu?"

"Tumuite basi."

Alikuja na mupira chini ya kwapa, jasho linamutoka, akatuona wawili, akajua. Nilisema yote. Nilimueleza madame sahani ya kwanza ni nini, na maana ya mutoto wa nyumba kukaa na kibakuli chake mbele ya wateja. Alifunika mudomo kwa mukono. Alisema hakumukataza kitu. Alisema, "Nilimuambia aandike, maman. Kuandika tu. Chakula chako ndicho kizuri kuliko vyote vilivyo ndani ya kaye yake." Sikutaka sifa zake. Kaye ilikuwa pale mezani, karibu na yule samaki wa rangi ya waridi.

"Soma," nikamuambia mujukuu. "Soma kwa Kiswahili, na mimi nisikie hayo mambo."

"Koko, tuache."

"Soma."

Aliweka mupira chini, akaushika kwa muguu usitembee, akasoma.

"Siku ya kwanza. Asubuhi, chai, bila kitu. Saa sita, sahani ya koko, nimemaliza. Jioni, matonge mane, supu, samaki hakuna. Siku ya pili. Asubuhi, hakuna. Saa sita, sahani ya koko. Jioni, matonge matano, kichwa kimoja cha sambaza. Siku ya tatu. Jioni, matonge matatu."

"Matatu juu ya nini? Nani alikukataza?"

"Hakuna aliyenikataza. Watoto walikuwa bado na njaa, nikatoa mukono."

Mimi ndiye niliyemufundisha. Kwetu mukubwa anatoa mukono kwenye sahani mapema, ili wadogo wamalize. Alipokuwa na miaka kumi na aliacha samaki wa mwisho kwa mutoto mudogo wa mujomba wake, nilizunguka majirani wote kuwaambia. Nilimusifu kwa hiyo kuliko kwa pointi za shule. Na sasa ana miaka ishirini na moja, anakimbia masaa mawili, na jioni anakula matonge matatu kwa sababu ya adabu yangu.

"Nilianguka mara mbili mazoezini," akasema, bila kuniangalia. "Mara ya pili kocha alinimwagia maji. Njo yeye alinituma hapa."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia, ungefanya nini? Ungetoa mukono wako mbele ya mimi. Uko nafanya vile kila siku. Unafikiri sioni? Nilihesabu na yako."

Ninaandika hivi na bado nasikia joto masikioni. Nilimukasirikia kwa sababu alinihesabia matonge ndani ya nyumba yangu. Nilimukasirikia madame kwa sababu alikuwa amekaa pale na viatu vyake vyeupe, anasikia. Hata jirani wa ukuta hakuwa anajua njaa yetu, lakini kaye ilikuwa inaijua kwa Kifaransa, siku na saa. Sikuwa na mahali pa kuweka hiyo hasira, nikairudisha pale ilipoanzia.

"Bon," nikamuambia madame. "Wewe umeharibu, wewe utatengeneza. Kesho ni mechi ya fakiliti, watu watajaa. Saa sita unakuja kwa vyungu vyangu na unakula sahani ya kwanza, mbele ya wote."

Alisogeza yai la plastiki. Akasogeza ndizi.

"Maman, nisamehe. Mimi siwezi kula inje."

"Tumbo linakuuma?"

"Hapana. Nilipofika, waliniambia nisikule kwa mutu nisiyemujua. Huku."

"Nani alikuambia?"

"Wote," akasema. Na niliona kwamba ana aibu, na kwamba hata hivyo hatakula.

Juma mbili alikuwa anawafundisha watoto wetu kwamba sambaza ni nzuri kwa damu, na maharagi kwa misuli, na yeye jioni anakula biskuti ndani ya chumba chake. Nilimuuliza kama anakula huyo samaki wake wa plastiki. Mujukuu wangu ndiye aliyeongea, na hakupandisha sauti. Alipokuwa mutoto alikuwa analia akikasirika, sasa anapoa.

"Madame, mimi nimekuandikia kila kitu kinachoingia ku kinywa changu. Hata siku za hakuna. Na wewe unaogopa chungu cha koko yangu."

Akachukua kaye yake mezani, akachukua mupira. "Koko, twende."

Kesho yake kiwanja kilijaa mpaka juu ya ukuta. Nilikuwa nimepika kama siku za zamani, kwa kiburi tu, bila kujua nani atakula. Saa sita ilipofika mujukuu alitoka kwenye mechi na jezi yake, bila kibakuli, akasimama mbele ya vyungu.

"Koko, nipe."

Nikamupa. Alikula yote, akafuta sahani kwa tonge la mwisho, akanyoosha mukono nikaongeza. Watu walikuwa wamesimama mbali kidogo, wanajifanya wanaangalia mechi. Golikipa akasogea na kicheko chake.

"Contrôle imepita?"

"Contrôle ya nini?" akamuuliza. "Sema jina lake."

"Aa, dada, ni mchezo."

"Sema tu. Munaogopa nini ku chungu cha huyu mama? Miaka mitatu munakula hapa. Wewe uliongezewa supu mpaka shati lako halifungi. Mimi nimekula yai langu siku tano, mukakimbia. Sema mulikimbia juu ya nini."

Kijana aliangalia viatu vyake. Hilo neno kila mutu alikuwa nalo kichwani, na hapakuwa na mumoja wa kulitoa mbele yake. Mwishowe golikipa akachukua sahani, akanipa, nikamupakulia, akaenda kula amegeukia ukuta. Baada yake wakaja wawili wa basiketi, halafu wengine. Si wote. Yule wa handball mpaka leo anapita kwa mandazi. Akinisalimia ninamuitika, kwa sababu nina adabu, lakini uji wangu ninaukumbuka.

Tulipokuwa tunafunga vyungu, mujukuu alinisaidia kubeba mbabula, jiko langu la makaa, na njiani akaniambia bei yake.

"Hapa nitakula wa kwanza kila siku. Sitakuaibisha tena. Lakini nyumbani unanipa sahani yangu. Na wewe yako, na koko mudogo yake, na watoto zao. Kila mutu na samaki wake."

"Samaki hawatoshi kila siku."

"Siku hawatoshi, tutaona kwamba hawatoshi. Sasa hatuoni, kwa sababu sahani ni moja."

Nilimuambia hiyo ni tabia ya hospitali. Nilimuambia mama yangu alikula hivyo na mama yake pia, na hakuna aliyeanguka kiwanjani. "Hawakuwa na kiwanja," akasema. Nilitembea mbele yake mpaka nyumbani.

Jioni nilipanga sahani tano. Mbili niliazima kwa jirani, kwa hiyo mambo yalijulikana kabla bugali haijasongwa. Mudogo wangu alisimama mulangoni, mikono kiunoni.

"Watu wakipita watasema tunaogopana."

"Watasema."

"Na utajibu nini?"

"Nitawaambia waingie, wahesabu."

Niligawa sambaza moja moja, kama munganga anayegawa vidonge. Watoto wadogo walifurahi, walifikiri ni sikukuu. Mujukuu nilimuwekea nane. Aliziangalia, halafu akaangalia sahani yangu. Ilikuwa na mbili. Kwenye sahani kubwa hakuna ambaye angejua. Sasa zilikuwa zimelala pale peke yao, macho wazi, na nyumba nzima inaziona.

"Ongeza, koko."

"Mimi nimeshiba."

"Hujala."

Nikaongeza moja. Hakugusa chakula chake. Watoto nao wakasimamisha mikono, wanamuangalia yeye, wananiangalia mimi. Nikaongeza ingine, na ingine, nikasukuma chungu mbali kwa muguu. Ndipo akaanza kula. Na mimi nilikula na hasira yangu, bila kumuangalia mutu, mpaka nikamaliza.